Sanduku la Makufuli Matatu Baada ya Mzunguko Mmoja

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa, chenye wanachama 22, wote wakiwa wanawake pamoja na mabinti waliokwisha kumaliza shule, kimefunga mzunguko wake wa kwanza wa miezi 12 kwa kutumia seti ya vifaa tuliyoinunua ikiwa mpya, na kwa kuwa nilikuwa mtunza kumbukumbu kwa kipindi chote hicho, nimevishika vifaa hivyo kuliko mtu mwingine yeyote. Ndani ya seti mna sanduku la chuma, makufuli matatu, vitabu vidogo vya wanachama, mihuri, pedi ya wino, mabakuli mawili ya plastiki, mifuko ya kitambaa na kikokotoo. Kikokotoo kinafanya kazi, na sina zaidi la kukieleza.

Sanduku lenyewe limeundwa vizuri. Bawaba zimechomelewa kwa ndani, kifuniko kinakaa sawasawa, na chuma ni kizito kiasi kwamba mtunza sanduku wetu, mama ambaye wengi wetu ni rika la wanawe, hawezi kulinyanyua bila msaidizi. Mwanzoni tulilalamikia uzito huo, kisha tukakumbuka kwamba lisilobebwa na mtu mmoja ni vigumu kuibwa na mtu mmoja.

Lawama yangu kubwa ni makufuli. Katika mwezi wa pili mmoja wa watunza funguo aliingiza ufunguo wake kimakosa katika kufuli la mwenzake, nalo likafunguka. Ukumbi mzima ulinyamaza. Tulijaribu kila ufunguo katika kila kufuli, tukagundua kwamba mawili kati ya matatu yalikuwa yanafunguliwa kwa ufunguo wa aina moja. Mtengenezaji alipoarifiwa alijibu kwamba makufuli hayo yalitoka katika pakiti moja, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Katika bidhaa nyingine kasoro hii ingeweza kusamehewa, lakini maana yote ya sanduku hili ni kwamba lisifunguke mpaka watu watatu wakutane, hivyo kuliuza na makufuli pacha ni sawa na kuuza mtungi uliotoboka.

Utaratibu wenyewe, kwa haki, si wa muuzaji. Vikundi vya namna hii vilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, katika mradi wa wanawake wa shirika la CARE ulioitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, na kanuni zilizokomaa kutokana na kazi hiyo ndizo zinazofuatwa na vikundi vingi hadi leo: wanachama wachache wanaochaguana wenyewe, akiba inayowekwa kwa kununua hisa za bei moja, kati ya 1 na 5 katika kila mkutano, mkopo usiozidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, na mgao mwishoni mwa mzunguko, ambapo riba iliyolipwa na wakopaji huwarudia wanachama kulingana na hisa zao. Sanduku hukaa kwa mtu mmoja, nazo funguo hushikwa na wengine watatu wasio viongozi. Kwa hiyo mwenyekiti, hata awe na sauti kubwa namna gani, hana njia ya kuzifikia fedha peke yake.

Mkutano unapoanza, ndipo seti hii inapolipa gharama yake. Mwanachama huitwa kwa namba, si kwa jina wala kwa heshima ya mumewe, akaja mbele, akaweka fedha zake ndani ya bakuli, wahesabu fedha wawili wakatangaza idadi ya hisa, nami nikagonga kitabuni mwake muhuri mmoja kwa kila hisa huku yeye akitazama. Mwishoni masalio hutangazwa kwa sauti, na kila mtu huondoka nayo kichwani ili mkutano unaofuata aweze kuyataja kabla ya fedha kuhesabiwa upya. Wiki moja niliandika vibaya masalio ya mfuko wa jamii, yaani fedha za kusaidiana wakati wa shida. Binti wa namba 17, ambaye kwa miezi mitatu hatukuwahi kumsikia akisema neno, alinyoosha mkono akaniambia, “Samahani dada, hiyo siyo tuliyoisikia wiki iliyopita.” Tukahesabu, naye alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo amekuwa akisema, na mara nyingine, nikiri, kuliko tunavyohitaji.

Vitabu vya wanachama vimepangwa kwa akili, kwani hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake. Ubaya ni karatasi: ni nyepesi, wino hupenya upande wa pili, na kuna siku mwanachama alidai hisa ambayo ilikuwa kivuli cha muhuri wa ukurasa wa nyuma. Pedi ya wino nayo ilikauka kabla ya nusu ya mzunguko.

Kijitabu cha maelekezo kinaeleza vyema uchaguzi wa viongozi na uandishi wa katiba, lakini suala la kumnyima mkopo rafiki, au mwanachama anayetumwa na ndugu zake akope kwa niaba yao, limepewa mistari minne. Kwetu suala hilo peke yake lilikula mikutano miwili, na ningependa waandishi wake wawasikilize wanawake waliokwisha kupitia jambo hilo.

Wapo wanaoona kwamba programu ya simu ingetutosha. Wana hoja, hasa majuma ya mwisho kabla ya mgao, sanduku linapokuwa limejaa na kila mtu mtaani anajua. Hata hivyo simu huonyesha hesabu kwa aliyeishika, ilhali bakuli lililo katikati ya duara huonwa na wote kwa wakati mmoja, akiwamo asiye na simu.

Ninaipendekeza seti hii kwa kikundi kinachoanza, kwa sharti kwamba kila ufunguo ujaribiwe katika kila kufuli siku ileile ya kununua. Kwa mzunguko wa pili sisi tumeagiza vitabu na pedi mpya ya wino tu, na makufuli tumenunua matatu ya aina tatu, kila moja katika duka lake.