Kadi ya msimu, viti vya plastiki na elfu mbili za Mamkubwa: uzoefu wangu Ngamiani

Nianze na bei, maana ndilo swali ninaloulizwa kila mteja akiniona na ile kadi imebandikwa juu ya cherehani. Kadi ya msimu ilikuwa shilingi 40,000 kwa maonyesho matano ya muziki, moja kila mwezi, kuanzia Juni masika yalipokwisha hadi Oktoba. Anayelipa mlangoni analipa 10,000 kwa usiku, kwa hiyo mwenye kadi anaokoa usiku mmoja. Nilinunua mbili, yangu na ya Mamkubwa, dada yake mama, ambaye magoti yanamsumbua lakini masikio bado ya msichana. Nyota nawapa nne kati ya tano. Ile ya tano ilipotelea wapi nitaeleza.

Mahali ni ua wa nyumba ya zamani katika zile barabara za namba za Ngamiani, hapa Tanga mjini, wenye mwembe mmoja mkubwa pembeni na sakafu ya saruji iliyopasuka. Waandaaji si kampuni, ni watu wa mtaa: vijana wachache wenye simu na wazee wachache wenye funguo. Siku ya kwanza nilihesabu viti kwa macho, havikufika 120. Watoto walitandikiwa mkeka mbele. Kahawa na kashata kwenye baraza, mishkaki na katlesi nje ya lango, juisi ya ukwaju yenye barafu nyingi kuliko ukwaju. Choo kimoja. Mbu wa kutosha watu wote.

Muda uliotangazwa ni saa 2 usiku, baada ya Isha. Muda wenyewe ni saa 3 kasorobo wakijitahidi, saa 3 na nusu wakijisahau. Ukishalijua hilo unakula nyumbani kwanza na moyo unatulia.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa taarabu, si ile ya kinanda na spika za ukutani, bali kundi la watu wanane: akodiani, fidla mbili, udi, gitaa, besi, dumbaki, na mwimbaji mama wa makamo aliyevaa kitenge cha kawaida kabisa kama anayetoka sokoni. Tulikaa safu ya pili, nikaona kitu ambacho kwenye harusi sijawahi kukiona kwa sababu kwenye harusi niko mbali au niko jikoni. Kabla hawajaanza, mwenye akodiani alibonyeza sauti moja akaishikilia, na wengine wote wakaanza kukaza nyuzi zao kuifuata. Nikamuuliza Mamkubwa kwa nini yeye hakazi. Akasema, "Atakaza nini? Lile sanduku lilitoka dukani na sauti zake. Wengine ndio wa kulifuata."

Na hapo ndipo ilipo tofauti yetu na Unguja, kwa wasiojua. Kule kuna kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa), nai (filimbi ya mwanzi), fidla zimejipanga, sauti inateleza katikati ya sauti kama Cairo. Hapa Tanga, miaka ya 1960, Black Star waliingiza magitaa na besi, wakaongeza mwendo wa kuchezeka, na baadaye Lucky Star, waliomeguka kutoka kwao, wakaendeleza. Gitaa lina vile vyuma shingoni, na akodiani ina vitufe. Huwezi kuteleza katikati. Ulichopoteza kwenye mteremko wa sauti umekipata kiunoni. Mwimbaji Bi. Shakila, aliyefariki 2016, alipitia makundi hayo ya Tanga kabla ya kwenda JKT Taarab huko Dar es Salaam, na Mamkubwa anadai alimsikia akiimba kabla hata ya kuwa na maikrofoni ya maana. Sikumbishia. Mtu wa umri wake ana haki ya kuongeza chumvi kidogo.

Sasa shida. Kwenye mlango walibandika karatasi: "Tafadhali tukae vitini. Kutunza ni baada ya wimbo kwisha." Nilipoisoma nikajua leo kuna kazi.

Sababu yao niliielewa. Watu wakianza kutoka kwenda kutunza, yaani kumpelekea mwimbaji noti akiwa anaimba, foleni inaziba jukwaa, wa nyuma hawaoni, na siku hizi kila anayetunza anakwenda na mwenziwe wa kumpiga picha. Walitaka usiku wa kusikiliza. Basi tukasikiliza. Nyimbo tatu za kwanza tulikaa kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa dirishani. Mwimbaji anaimba vizuri, sisi tunapiga makofi mwishoni, yeye anashukuru. Nikaona uso wake unaanza kuchoka. Anarusha neno, halirudi.

Wimbo wa nne ulikuwa wao wenyewe, sijapata kuusikia popote. Ubeti wa pili ukaja:

*Nilikupa jamvi lako, ukaketi na mwenzio,*
*sasa wauliza mwiko, na chungu hunacho leo.*

Mamkubwa akasimama. Magoti yale yale ambayo asubuhi yalihitaji kupakwa dawa. Akatoa noti ya elfu mbili kwenye pindo la kanga, akaikunjua, akaishika kwa vidole viwili juu ya kichwa, na akaanza kwenda mbele taratibu kwa mwendo wa besi, bega moja likitangulia. Sisemi alikuwa anamtazama nani safu ya nne. Wenyewe wanajuana, na jambo lenyewe ni la mwaka 1979.

Kijana wa mlangoni akamkimbilia. "Shikamoo bibi. Samahani bibi, tunaomba ukae mpaka wimbo uishe."

"Marahaba, mwanangu," akajibu bila kusimama. "Kadi nimelipia kiti. Huyu aliyenisemea ya moyoni nimlipe nini, makofi?"

Yule kijana hakuwa na jibu, na ukweli hata mimi sina. Mwimbaji akamwona, akaurudia ule mstari wa mwiko mara mbili, mara tatu, kila mara akiuchelewesha kidogo zaidi, dumbaki ikimsubiri. Fidla zikaingia. Nyuma yangu viti vikaanza kukwaruza saruji. Ndani ya dakika mbili kulikuwa na akina mama kumi njiani na ile karatasi ya mlangoni ilikuwa imekwisha kazi.

Hili ndilo nalotaka waandaaji walisikie, na nilikwenda kuwaambia kesho yake. Kutunza si kuchangia. Si bakshishi. Ni namna ya msikilizaji kusema "mstari huu ni wangu" mbele ya watu, palepale ulipotamkwa, na yule aliyeguswa aone. Ukisubiri wimbo uishe umekwisha kuwa mtu mwingine. Ni kama kumjibu mtu salamu ya asubuhi wakati wa jioni.

Hawakubisha sana. Wakasema watatafuta njia ya katikati. Njia yenyewe tuliiona baadaye na ilinichekesha.

Usiku wa Julai ulikuwa wa dansi, na hapa sina lawama hata moja. Wazee sita, mdogo wao pengine ana miaka 58. Gitaa la solo, la rizimu, la besi, tumba, drams, na saksafoni moja iliyochubuka rangi. Mpiga rizimu ni fundi baiskeli ninayemjua kwa sura; kila siku nampita ameinama na spoki mkononi, sikujua kama vidole vile vina kazi nyingine. Kwa masaa mawili hakubadilisha mchoro wake hata mara moja, na nyumba nzima ilikuwa imesimama juu yake. Solo inapaa, inarudi, yeye yuko palepale.

Walipiga zilipendwa za bendi za hapa hapa, za enzi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, wakati mkonge unalipa na mshahara wa mwisho wa mwezi unajua njia ya ukumbini. Mshereheshaji alikumbusha kwamba ndugu Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz kabla hawajahamia Kenya na kuwa Simba Wanyika, na ua mzima ukapiga kelele kama vile tumewaazima Wakenya na bado hawajarudisha. Viti vikasukumwa ukutani wimbo wa pili tu. Hakuna karatasi iliyokataza kucheza, nadhani hawakufikiria.

Agosti ndipo nyota yangu ya tano ilipopotea. Tangazo lilisema muziki laivu, na mimi neno hilo nalichukua kama lilivyo. Wakaja vijana wawili, kinanda kimoja, na flashi. Fundi mitambo akaichomeka, spika mbili kubwa kama makabati zikaanza kutikisa majani ya mwembe, na kijana wa mbele akawa anaimba. Tuseme anaimba. Katikati ya wimbo wa pili kifuniko cha chupa yake ya maji kilianguka, akainama kukiokota. Yeye akainama, sauti haikuinama.

Mamkubwa akanigeukia. "Huyo anayeimba yuko wapi?"

Sisemi vijana hawana vipaji. Mmoja wao, mwishoni, flashi ilipogoma, aliimba ubeti mmoja mkavu bila kitu na alikuwa na sauti nzuri, kavu kidogo, ya mtu aliyefundishwa madrasa kutamka herufi mpaka mwisho. Ningelipa 10,000 kusikiliza hiyo. Lakini wakatatua tatizo la flashi haraka mno. Nilipodai fidia nilipewa soda mbili na ahadi. Soda tulikunywa.

Ule wa Septemba ulisogezwa wiki moja ili usigongane na maulidi ya mtaani, na walitutumia ujumbe mapema, hilo niwape. Ulikuwa usiku wa ngoma: mdumange, wachezaji kutoka upande wa Muheza. Kwa muziki huu ua ule ni mdogo, vumbi lote liliingia kwenye kahawa. Ila fika mapema uone wanavyoziandaa ngoma. Hewa ya bahari inailegeza ngozi, ikipigwa inatoa sauti ya godoro. Mzee mmoja aliwasha makuti makavu kwenye kona, moto wa haraka usio na makaa, akawa anaipitisha ngoma juu yake, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha. Ile kubwa aliirudisha mara nne. Watoto wote wa mkekani walihamia kwake, jukwaa likabaki tupu na hakuna aliyelalamika. Waandaaji, wekeni hiyo kwenye tangazo.

Na Oktoba tukarudi kwenye taarabu, kundi lile lile la Juni. Njia ya katikati waliyoiahidi ilikuwa hii: mbele ya jukwaa wameweka meza, juu ya meza sinia ya shaba inayong'aa, na karatasi mpya: "Tunza hapa." Anayetaka kutunza atokee pembeni, aweke, arudi pembeni.

Nilimtazama Mamkubwa akiisoma. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaikunja.

Ni wazo la mtu mwenye nia njema ambaye hajawahi kutunzwa. Sinia haina macho. Mwimbaji naye alijua. Wimbo wa kwanza ulipoanza alishuka ngazi mbili za jukwaa, akaipita ile meza, akasimama kwenye saruji pamoja nasi, maikrofoni ikiburuta waya nyuma yake. Kuanzia hapo meza ilikuwa ya kuwekea vikombe. Kitu kimoja walichopatia, sijui kwa makusudi au kwa bahati, ni kwamba safari hii viti vilipangwa kwa mafungu mawili, katikati wameacha njia pana. Wanaokwenda wanakwenda, wa nyuma wanaona, wapiga picha wana pa kusimama. Tatizo lote la Juni lilikuwa ni upana wa njia.

Manyunyu ya vuli yalidondoka kidogo saa 5, fundi mitambo akafunika mashine yake kwa nailoni, watu hawakunyanyuka. Tulitoka saa 6 na nusu. Bajaji kwa saa hizo wanataka mara mbili ya bei ya mchana, jipangeni wawili watatu wa njia moja.

Majina ya msimu ujao yameanza kuandikwa. Bei wanasema ile ile. Viti vya chini ya mwembe vina upepo lakini pia vina kunguru waliolala juu yake, chagueni wenyewe. Vya ukutani upande wa kulia viko karibu na choo. Mimi nimeandikisha viwili kando ya njia, kwa maagizo. Mamkubwa kasema cha katikati ya safu hakitaki hata cha bure.