Waimbaji wa klasiki Viwanja vya Mashujaa, Mtwara: sauti nzuri, mahali pabaya

Ni kikundi cha watu wanane, wawili kwa kila sauti: soprano, alto, teno na besi. Huimba jioni za mwisho wa juma, bila maiki wala spika, nyimbo za opera na za kwaya za Ulaya za karne ya 18 na 19. Kiingilio hakuna; anayependezwa huwatunza.

Kuimba wanajua. Katika mistari mirefu hawakati pumzi pamoja: mmoja akivuta hewa, mwenzake ameshika noti, na huwezi kusikia pa kuungia. Kiitaliano kinawakaa mdomoni kwa sababu maneno yake mengi huishia na irabu kama yetu. Kijerumani bado. Konsonanti ya mwisho kila mtu anaifunga kwa wakati wake, kwa hiyo palipotakiwa "t" moja unasikia nne.

Kinachowaangusha ni mahali wanaposimama: katikati ya uwazi, mstari mmoja ulionyooka, nyuma yao hakuna kitu. Kanisani ukuta na dari hurudisha sauti. Uwanjani ikitoka imekwenda. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua takriban desibeli 6. Aliye mita 16 amepoteza desibeli 12 kulinganisha na aliye mita 4, na hapo bajaji moja inafuta alto wote. Teno hupenya, kwani sauti ya kiume iliyofunzwa hukusanya nguvu karibu na hetsi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), ambako ngurumo ya injini ni hafifu.

Baya zaidi, wenyewe hawasikilizani. Kila mmoja anaanza kusukuma sauti, koo linachoka, na kufikia ubeti wa tatu wimbo umeshuka karibu nusu toni. Besi wanafuata chini hadi kwenye noti ambazo hazitoki tena, unabaki upepo tu. Dawa ipo na haina gharama: wajipange nusu duara, mabega yakaribiane, ukuta uwe mita moja au mbili nyuma yao, na mwalimu awape sauti upya kwa kinanda kabla ya kila wimbo, si wa kwanza pekee. Tungefurahi mno kuwasikia Mikindani, chini ya kuta za mawe za Boma la Wajerumani la 1895.

Kwa msikilizaji: msimu wa kusi simama kaskazini mwao. Upepo wa juu una kasi kuliko ule wa karibu na ardhi, hivyo sauti inayosafiri nao hupindwa kushuka masikioni, na inayokwenda kinyume hupindwa kupita juu ya vichwa. Walioko kusini hudhani waimbaji wananong'ona. Usizidi mita 8, na fika mapema, kabla koo hazijachoka. Adhana ya magharibi ikianza wanakatiza, wanakunywa maji, wanaendelea ikiisha. Hilo tunawapongeza kwa dhati.

Kuhusu kutunza: kumwendea mwimbaji katikati ya wimbo, kama kwenye taarab, hapa kunamkata pumzi. Subiri wamalize, kisha weka noti. Sarafu zikidondoka kwenye ile ndoo yao ya plastiki wakati wimbo mwingine unaanza taratibu, zinasikika kuliko alto.