Mafundi wa chenaje wa Kadutu: nyota nne, ya tano imebaki kwenye kifusi

Hawana bango wala ofisi. Shuka kwa wauza nondo, chini ya soko la Kadutu, hapa Bukavu, uulize wale wa chenaje, yaani zege lenye nondo linalofunga kona na kuta za nyumba pamoja; utaonyeshwa. Nimewapa nyumba yangu ya kupangisha ya Nyamugo waiimarishe, na kwa kazi ya ukuta sina neno. Kwa mengine ninayo.

Nyumba ni ya matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa udongo, aliijenga baba mkwe. Imepita kwenye tetemeko la Kalehe la Oktoba 2002, ikapita kwenye lile la tarehe 3 Februari 2008, 5.9 kwenye kipimo, Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani. Huku kwetu nyumba zilianguka, na ng'ambo, Rusizi ya Rwanda, kanisa liliwaangukia waumini. Halafu likaja la usiku, Agosti 2015. Kila baada ya tetemeko ukuta ulipigwa plasta na rangi, akaingia mpangaji mwingine. Ufa wa kona ya dirisha, ule unaopanda mshazari kuelekea paa, ulikuwa unarudi tu.

Mkubwa wao ni mzee asiye na maneno mengi. Alikwangua kiungo cha matofali kwa msumari, udongo ukamwagika kama unga wa muhogo. Nikamwambia apige plasta nzuri, wapangaji wanalalamika. Akanijibu: "Mama, kama ni poda unataka, watu wa poda wamejaa huku."

Kabla ya kugusa chochote alibandika kipande chembamba cha jasi juu ya ufa, akaandika tarehe kwa msumari, akaenda zake. Wanakiita shahidi. Kikikatika, ufa bado unatembea, na hapo si tetemeko tena, ni mlima wenyewe unaoteremka. Kwa Bukavu hiyo si habari ndogo, na sijawahi kuona fundi mwingine akijisumbua nayo. Cha kwangu hakikukatika. Ndipo akakubali kazi.

Walitegemeza paa, wakafungua kona moja moja, wakaacha matofali yakiwa na meno ili zege lishike. Ndani ya kila kona nondo nne za milimita 10, zimefungwa etrie, yaani pete za chuma, za milimita 6 ambazo ncha zake zimekunjwa kuingia ndani, na karibu na msingi na juu zimebanana zaidi kuliko katikati. Kisha mkanda wa zege chini ya manjanja (mabati ya paa) ukazunguka nyumba nzima bila kukatika, hata juu ya milango, ukashikana na kona zote. Mchanga wangu wa kwanza aliukataa: aliufinya, akafungua kiganja, kikabaki na tope. Sima ilikuwa ya Bugarama, aliikagua mfuko kwa mfuko kama haijaganda. Zege lilifunikwa magunia, na watoto wa wapangaji wakapewa kazi ya kuyamwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Waliifurahia kupita kiasi, sebule yote ikalowa.

Hakunidanganya kwamba sasa tetemeko halitaiweza. Alisema udongo kati ya matofali bado ni udongo, ukuta unaweza kupasuka tena. Anachotafuta ni kona zisiachane, paa lisiwashukie watu.

Sasa lawama. Bei ni mara kadhaa ya plasta, na wanataka nusu mbele. Risiti hakuna: hesabu ya vifaa iliandikwa kwenye karatasi ya mfuko wa sima, nikalazimika kuinakili mwenyewe. Heri ununue nondo zako mwenyewe, uwaletee. Mvua ikinyesha asubuhi, wasaidizi hawaonekani hata jua likitoka. Plasta ya mwisho ina mabonde. Na kifusi walikirundika kwenye mtaro, mvua ikapeleka maji yote kwenye parseli ya jirani wa chini, mama ambaye hata salamu yangu sasa anaiitikia kwa shida. Vibarua wa kuuzibua niliwalipa mimi.

Jiko la nje bado lina ufa wake, na shahidi amekwisha kubandikwa. Akisimama vizuri nitawaita hao hao, ila sehemu ya mwisho ya pesa itatoka mtaro ukiwa mweupe.