Mpira wa mazoezi kwa mkimbiaji: kagua umri wake kabla ya kuuliza rangi

Mpira wangu wa mazoezi, huu wa kuvuta, ulikatika asubuhi, nikiwa nimeufunga kwenye nondo ya dirisha. Ncha yake ikanipiga chini ya jicho la kushoto. Siku nne nilitembea na uvimbe, na kila aliyeniona aliniuliza nyumbani kuna amani.

Seti ile ya mipira mitano niliinunua kwa shilingi 18,000 nikijiandaa na Kilimanjaro Marathon, maana kile kilima cha kuelekea Mweka kinawatafuna wenye makalio legevu. Haikumaliza wiki tatu. Nilipouokota ule mpira na kuukunja kidoleni, ulikuwa na nyufa ndogo ndogo kama udongo wa bwawa lililokauka. Ndipo nikakumbuka nilipoutoa: kwenye msumari nje ya duka, juani. Haukuzeekea kwangu. Ulizeekea dukani.

Tangu niandike habari ya lile jicho, wasomaji wamekuwa wakiniuliza wanunue rangi gani. Ndugu zangu, rangi, ambayo huonyesha ugumu wa mpira, haina maana nje ya kampuni moja. Mweusi wa huyu unaweza kuwa laini kuliko kijani cha yule, kwa sababu hakuna mapatano yoyote baina yao. Na ile "kilo 30" iliyoandikwa kwenye boksi, ni kilo 30 ukiuvuta kiasi gani? Nguvu ya mpira hupanda kadiri unavyouvuta, kwa hiyo namba isiyotaja urefu haikuambii kitu.

Kitu cha kukagua ni mpira wenyewe. Mingi ya hii hutengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira, na utomvu huo una maadui watatu: jua, joto na mafuta. Huyo wa tatu ndiye anayetumaliza sisi wa Pwani. Unatoka kuoga, unajipaka mafuta ya nazi, unashika mpira; baada ya miezi miwili pale unaposhika pamekuwa pananata na pamevimba, na hapo ndipo patakatika. Nawa mikono kwanza. Ukimaliza, pangusa jasho, nyunyiza poda ya mtoto kidogo, weka kabatini.

Dukani, fanya hivi hata kama muuzaji ananuna. Toa mpira kwenye mfuko. Ukunje kwa nguvu katikati ya vidole, angalia mgongo wa mkunjo. Ukiona weupe wenye mistari, rudisha. Uvute kidogo mbele ya mwanga utafute vitundu na michano pembeni. Nusa na kushika pia: mpira unaonata bila sababu umeshaanza kuoza.

Sasa chaguo langu, na sifichi mapenzi yangu: TheraBand, ule mpana kama utepe, usio na kitanzi. Umetokana na kazi za fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na kampuni inaeleza nguvu yake ukivutwa mara mbili ya urefu wake: mwekundu kilo 1.7, kijani 2.1, bluu 2.6, mweusi 3.3, fedha 4.6. Namba ndogo, lakini ni za kweli, na kwa mkimbiaji zinatosha sana. Funga fundo uvae juu ya vifundo vya miguu, kunja magoti kidogo, tembea upande upande hatua 15 kwenda na 15 kurudi. Ile misuli ya pembeni ya nyonga, inayozuia goti lisiingie ndani unapotua, itawaka moto. Kisha keti, zungusha mpira kwenye unyayo, vuta kifundo nje na ndani taratibu. Mimi hufanya hivi mara tatu kwa wiki. Huuzwa pia kwa roli ndefu, na mimi nilikatiwa mita mbili za kijani na mbili za bluu na mtaalamu wangu wa fiziotherapia. Wenye mzio wa utomvu hutengenezewa wa aina nyingine, ulizeni.

Wa pili ni kitanzi kirefu cha kama sentimita 104, kwa wale wa mbio za vikwazo wanaohitaji kujivuta kwenye bomba na kupanda kamba. Unakining'iniza juu, unaweka goti ndani, kinakubebea sehemu ya uzito mpaka mikono ikomae. Hapa sharti langu ni moja: kiwe cha matabaka. Tazama ukingo wake, utaona mistari myembamba kama kurasa za kitabu. Cha matabaka mara nyingi huanza kubanduka na kukupa onyo, ilhali cha kumimina kwenye kalibu kinaweza kupasuka ghafla, nawe uko hewani. Usipoona mistari, usinunue.

Wa tatu, kitanzi cha kitambaa cha kuvaa mapajani. Hakijikunji wala haking'oi vinyweleo, ila hakivutiki sana, kwa hiyo kwa kifundo cha mguu hakifai.

Mirija yenye vishikio na ndoano za chuma siipangi popote. Panapokatika ni pale mrija unapoingia kwenye kishikio, nawe hupaoni kwa sababu pamefunikwa.

Vile vitanzi vyembamba vya bei rahisi viacheni. Kama mfuko hauruhusu, nendeni kwa fundi baiskeli mkaombe tyubu kuukuu isiyo na viraka. Ni ngumu na haivutiki vizuri, ila itakufaa kwa kuanzia.

Na hizi seti za mitano zinaniudhi. Mkimbiaji anatumia miwili, mitatu inabaki droo, lakini ukiomba kuuziwa mmoja mmoja unaambiwa boksi halifunguliwi. Boksi likiwa halifunguliwi, huo mkunjo nitaukagua wapi? Tunalipia mipira mitano tusiyoruhusiwa kuishika, na tukiileta imekatika tunaambiwa tumeivuta vibaya. Mimi nilirudi na vipande viwili mkononi na uvimbe usoni. "Anti, mpira ukishavutwa haurudishwi," kijana akanijibu. Seti nyingine sita zilikuwa bado zimening'inia pale pale msumarini, jua la saa nane likizipiga.