Kibali cha sura ya nyumba: tathmini ya ukaguzi wa majengo Unguja, Mombasa na Lamu

Mwenye nyumba anayetaka kuongeza ghorofa, kufungua mlango wa duka au hata kubadilisha dirisha katika Mji Mkongwe wa Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa au mji wa Lamu, hupeleka michoro yake kwenye ofisi ambayo haitazami tu kama jengo litasimama, bali pia litaonekanaje na mtu anayepita njiani. Hii ni huduma ya umma kama zilivyo maji na taa za barabarani, na kwa hiyo inastahili kupimwa kwa vipimo vile vile: inampa nini anayeiomba, inaupa nini mtaa mzima, na inapungukiwa wapi. Kwa kuwa wengi wetu huizungumza kwa manung'uniko peke yake, nimeona ni vyema kuitathmini kwa utulivu, na msimamo wangu nautanguliza: ukaguzi huu una thamani kubwa pale ofisi inapoichukulia sura ya nje kuwa ni matokeo ya mawe, chokaa, boriti na kimo cha jengo, na thamani hiyo hupotea pale ukaguzi unapoishia kwenye rangi na nakshi.

Nianze na Unguja, kwa sababu huko ndiko kwenye mfumo uliofikiriwa kwa kina zaidi. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mpango mkuu wa uhifadhi, ulioandaliwa pamoja na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ulipitishwa rasmi mwaka 1994. Mwaka 2000 mji uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ukiwa na eneo la hekta 96 na ukanda wa kinga wa takriban hekta 85. Ubora wa mpango ule umo katika namna ulivyoandaliwa: majengo yalipitiwa na kuorodheshwa, yakapangwa kwa madaraja ya umuhimu wake, na masharti yakaandikwa kwa kufuata kile kilichokutwa. Mwombaji anayejua daraja la nyumba yake anajua tangu mwanzo ni kipi kinaruhusiwa na kipi hata asijisumbue kukichora, na hilo peke yake linaokoa fedha nyingi za wachoraji na mafundi.

Ili kuona ukaguzi huu unahusu nini hasa, inafaa kusimama mbele ya safu moja ya nyumba, tuseme upande wa Hurumzi, na kuitazama bila haraka. Mlango wenye asili ya Oman una kizingiti cha juu kilichonyooka na kuchongwa maua na minyororo. Mlango wenye asili ya Gujarati una mbao zilizogawanywa katika vipande vya mraba vyenye njumu za shaba. Kati ya mbawa mbili husimama mfaa, yaani ule mti wa katikati, na pembeni, kwenye nyumba nyingi, kuna baraza ya mawe ambayo watu hukaa jioni. Juu yake hutokeza roshani ya mbao, na chini huenda kukawa na duka la zamani ambalo mbele yake ni mbao za kuondoa na kurudisha. Kila kimoja kati ya hivi kina kipimo chake na uhusiano wake na kingine. Ukipanua dirisha la duka ili kuweka kioo kizima, baraza inaondoka. Baraza ikiondoka, njia inageuka kuwa ya kupita tu. Mkaguzi mzuri huyaona hayo kwenye mchoro kabla fundi hajashika nyundo, na hapo ndipo huduma hii inapokuwa na faida ambayo hakuna mwenye nyumba mmoja angeweza kuipata peke yake, kwa kuwa jirani yake naye amefungwa na masharti hayo hayo.

Jambo ninaloliona kuwa ndilo kiini, na ambalo halipewi uzito linaostahili, ni nyenzo. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikifikia nusu mita na zaidi kwa unene, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko ambazo nadra kuzidi mita tatu; ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Ukuta wa chokaa hupokea unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi ya bahari hubaki ndani, lipu hupasuka na kudondoka kwa vipande, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza taratibu bila mtu kuziona. Nyumba mbili zinaweza kuwa na sura moja siku ya kukabidhiwa, moja ikiwa imepigwa chokaa na nyingine saruji iliyopakwa nyeupe, na mchoro wa sura ya mbele hautaonyesha tofauti yoyote. Kwa hiyo kibali kinachotaja umbo la dirisha kisitaje mchanganyiko wa lipu kinaacha nje jambo litakaloamua sura ya nyumba ile katika miaka inayofuata. Mpango wa Mji Mkongwe unalitambua hili na unasisitiza nyenzo za asili, lakini usimamizi wake unahitaji mtu afike kwenye kazi fundi akiwa bado anachanganya, si baada ya rangi kukauka.

Mfano mchungu ni Beit al-Ajaib. Jumba hilo lililojengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Barghash lilikuwa ndilo uso wa Forodhani, na hakuna jengo Unguja ambalo sura yake ya nje ilipigwa picha kuliko hilo. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake ya mbele iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Silitaji ili kumnyooshea mtu kidole. Nalitaja kwa sababu linaonyesha wazi kwamba roshani na nguzo zinazopendwa na macho hushikiliwa na vitu visivyoonekana kutoka njiani, na mkaguzi wa sura asiyekaa meza moja na mhandisi anakagua nusu tu ya jengo.

Kinyume chake ni Zahanati ya Zamani pale Mizingani, iliyoanza kujengwa mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan na kukarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan katika miaka ya 1990. Roshani zake za mbao zilizotobolewa kama lasi hazikurudishwa kwa kubandikwa upya mbele ya ukuta uliochoka. Jengo zima lilishughulikiwa, kuanzia ndani. Anayetaka kujua kanuni za Mji Mkongwe zinalenga nini, aende akaitazame kabla ya kuzisoma.

Mahali ambapo mfumo wa Unguja ulipungukiwa ni kwenye miradi mikubwa. Hoteli iliyojengwa Shangani pembeni mwa jumba la Mambo Msiige, na kufunguliwa mwaka 2015, ilichukua sehemu ya uwazi wa ufukweni, na Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake zaidi ya mara moja kuhusu ukubwa wa jengo jipya na athari zake. Ukilitazama jengo lenyewe, utaona kwamba matao, rangi na mbao zake zimejitahidi kufanana na mji. Tatizo haliko hapo. Liko katika kimo na ujazo, na katika nafasi iliyokuwa tupu ambayo sasa si tupu. Ninaona dosari ya haki pia: mwenye nyumba mdogo wa Malindi, mtaa wa humo humo Mji Mkongwe, akizuiwa kuweka dirisha la alumini, anapaswa kuona kuwa sharti linalombana yeye linambana vile vile mwenye mtaji. Pasipo hilo, mtu mdogo anajifunza kwamba masharti ni ya wasio na uwezo, na usiku mmoja dirisha la alumini litawekwa.

Mombasa kuna mfano wa aina nyingine. Mji wa Kale una masharti yake ya uhifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na eneo hilo la takriban hekta 31 ndilo ukanda wa kinga wa ngome ya Fort Jesus, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Hata hivyo, hatua iliyozungumzwa kuliko zote ni agizo la Serikali ya Kaunti la mwaka 2018, kwamba majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na kingo za buluu. Nalipa agizo lile haki yake: nyeupe huakisi jua, inalingana na desturi ya kupaka chokaa, na barabara kadhaa zilipata usafi wa macho ambao hazikuwa nao. Lakini kama kipimo cha ukaguzi wa sura, rangi ndiyo kitu chepesi zaidi kuagiza na chepesi zaidi kutii. Jengo lililozidi jirani zake kwa ghorofa tatu, likipakwa nyeupe, bado limezidi kwa ghorofa tatu. Tena, kwenye ukuta wa chokaa, rangi nzito ya plastiki hufanya kazi ile ile mbaya ya saruji kwa kuziba unyevu. Agizo lingekuwa na manufaa zaidi kama lingetaja aina ya rangi kwa kila aina ya ukuta, na kuanza na mabango, nyaya, viyoyozi na mapaa ya mabati yanayofunika roshani za Ndia Kuu, mtaa wa humo Mji wa Kale.

Kisheria, Kenya imempa mwombaji kinga ambayo ni nzuri na ya hatari kwa pamoja. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kibali cha ujenzi hutolewa na kaunti, na mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa kuwa amekubaliwa. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa kwa kamati ya usuluhishi ya kaunti ndani ya siku 14. Kwa kiwanja cha kawaida Kisauni au Bamburi, naiunga mkono kanuni hii bila kusita, kwa kuwa inamwokoa mwananchi na faili linalolala mezani. Kwa nyumba ya karne ya 19 katika Mji wa Kale, naiona kuwa na kasoro: kimya cha ofisi kinahesabiwa kuwa ni ukaguzi uliofanyika, na ukuta ukishabomolewa hakuna rufaa itakayourudisha.

Lamu ndiyo ninayoipa alama ya juu, ingawa ofisi yake ni ndogo na eneo lake ni hekta 16 tu. Mji ule ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, ofisi ya uhifadhi ikafunguliwa kwa ombi la Baraza la Kaunti ya Lamu la wakati huo, tume ya mipango ikafuata mwaka 1991, na mwaka 2001 ukaingia katika Urithi wa Dunia. Neno "ombi" hapo lina uzito. Ofisi iliyoombwa na wenyeji huanza kazi yake kwa mazungumzo, na afisa wa uhifadhi alipangiwa kulishauri baraza kutoka ndani. Zaidi ya hayo, nyumba za Lamu zenyewe zinamlazimisha mkaguzi kuuliza maswali sahihi. Ukiacha zile za ufukweni zenye baraza ndefu na nguzo, nyumba za mawe za ndani ya mji huonyesha njiani ukuta mtupu, daka (ukumbi mdogo wa kuingilia) na mlango. Urembo wote, zidaka (vishubaka vya ukutani) na nakshi za plasta, uko ndani. Mkaguzi anayetafuta mapambo hana cha kukagua. Inambidi atazame kimo cha ukuta, upana wa njia ambayo punda wawili wapishane, wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya njia, na paa: je, lile banda jipya la makuti juu ya ghorofa ya tatu litazuia upepo wa jirani, na likishika moto litaupeleka wapi? Hayo ndiyo maswali ya sura ya nje kwa maana yake kamili.

Kwa anayekusudia kuomba kibali katika mji wowote kati ya hii mitatu, ushauri wangu ni kwenda ofisini kabla ya kumlipa mchoraji, akiwa na picha za nyumba yake na za jirani wa kila upande. Mchoro uonyeshe safu nzima, maana nyumba ikichorwa peke yake kila kimo huonekana cha wastani. Maelezo ya lipu, rangi na mbao yaandikwe kwenye mchoro wenyewe, na matangi ya maji na viyoyozi vipangiwe mahali mapema, kwa kuwa ndivyo vinavyoharibu paa na roshani baada ya kibali kusahaulika. Na kwa ofisi zenyewe, ninachoomba ni kimoja: kila uamuzi, wa kukubali na wa kukataa, ubandikwe kwenye eneo la kazi kwa Kiswahili, ukitaja kimo kilichoruhusiwa kwa mita, nyenzo za ukuta na sababu za uamuzi, ili jirani anayepita aweze kuusoma, atazame juu, na ajue kama kinachojengwa ndicho kilichoruhusiwa.