Matembezi ya Mau Mau, Nairobi: nenda, ila uliza kuhusu ndege

Kiongozi wetu anaijua kazi. Pale kwenye mnara wa Uhuru Park, uliozinduliwa 2015 kwa fedha za Uingereza, alituonyesha mpiganaji na mama anayempa chakula, kila mmoja ameangalia kando ili akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Nilisimama hapo muda mrefu.

Kinachoniuma ni kiongozi kuyapa mabomu ya Waingereza dhidi ya Mau Mau sentensi moja tu. Mwaka 1953 ndege zao ndogo aina ya Harvard zilianza kudondosha mabomu ya ratili 20 kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mwisho wa mwaka zikaja Lincoln, ndege kubwa za mabomu, zikiruka kutoka Eastleigh, humu humu jijini, na mabomu ya ratili 500 na 1,000. Wakoloni walidai yanavunja moyo wapiganaji. Wengine, hata miongoni mwa Waingereza, walisema yanaua miti na wanyama tu. Mimi naamini hawa wa pili: Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba 1956 na askari wa miguu, Lincoln zimeshaondoka.

Kiongozi wa matembezi alijibu maswali yangu yote vizuri, kwa hiyo anayajua. Basi ayaseme bila kuulizwa, na matembezi yafike Eastleigh. Nyota nne. Beba maji.