Kitabu Kipya Siku Kinapotoka, Nairobi: Jalada Gumu, Kindle au cha Fotokopi?

Asalam aleikum, hamjambo nyote, karibuni tena. Leo ni Jumapili na nina haraka kidogo, kwa sababu kitabu hiki nilichokishika nimekiazima hapa hapa nyumbani kwangu. Nimeahidi kukirudisha sebuleni adhana ya adhuhuri ikilia.

Kiangalieni vizuri. Kinaitwa Sunrise on the Reaping, mwandishi ni Suzanne Collins. Kimetoka Jumanne iliyopita, tarehe 18 Machi 2025. Ni cha tano katika mfululizo wa The Hunger Games, yaani Michezo ya Njaa: cha kwanza kilitoka 2008, cha pili 2009, cha tatu 2010, kisha mfululizo ukanyamaza miaka kumi. Cha nne kilipotoka Mei 2020, wenyeji wa Nairobi mnakumbuka tulikuwaje. Shule zimefungwa, kafiu ya saa moja jioni, na kutoka nje ya jiji haturuhusiwi. Hapakuwa na cha kwenda kupanga foleni dukani. Kwa hiyo hii ya juzi ndiyo mara yetu ya kwanza, kama familia, kukisubiri kitabu hadi siku yake na kukifuata kwa miguu.

Na kusubiri kwenyewe si mchezo. Kilitangazwa tarehe 6 Juni mwaka jana. Binti yangu yuko kidato cha tatu, na tangu siku hiyo kalenda ya jikoni ina alama. Mdogo wake wa Gredi ya Nane hakuwa amesoma hata kimoja. Likizo ya Desemba akavimaliza vyote vinne, asije akaachwa nyuma.

Wengi mmeniuliza mambo mawili: nimekipataje siku ileile, na ninunue kipi. Nianze na la kwanza.

Mimi niliweka oda Januari. Kuna duka la vitabu, jina sitalitaja, nikalipa nusu ya bei kwa M-Pesa, nikaambiwa tarehe 18 asubuhi njoo uchukue. Jumatatu jioni nikapiga simu kuhakikisha. Nikaambiwa mzigo umefika, usiwe na wasiwasi. Jumanne saa tatu asubuhi niko mlangoni. Kijana wa kaunta anatafuta, anaingia stoo, anatoka, anamwita mkubwa wake. Kumbe zilifika nakala chache tu, na walioingia mapema wakauziwa bila mtu kuangalia orodha ya waliolipa. Pesa zangu zilirudi siku hiyohiyo, hilo nalishukuru, lakini niliumia. Nimemwahidi mtoto kwa miezi miwili. Nitamwambia nini?

Nikatoka pale, nikapanda matatu ya Westlands. Kabla ya kupanda nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo: nikapiga simu kwenye maduka matatu, na kila moja nikauliza swali moja tu. Sikuuliza kama wanacho. Niliuliza, “Kiko mkononi mwako sasa hivi? Unaweza kuniandikia jina langu kwenye karatasi ukalibandika juu yake?” La tatu likasema ndiyo, na nikamsikia akitafuta kalamu. Saa tano kasorobo nilikuwa nacho. Jina langu lilikuwa juu yake kwa herufi kubwa, karatasi ya manjano. Ile karatasi ninayo mpaka leo, ndiyo tunaitumia kuweka alama ya ukurasa. Hii hapa.

Nimelipa shilingi 2,950. Najua kuna atakayeshtuka. Hata mimi naona ni nyingi. Risiti yangu inaonyesha karibu shilingi 400 za hiyo bei ni VAT. Kabla ya sheria ya VAT ya mwaka 2013 vitabu havikutozwa, baada yake vikawekewa asilimia 16. Nasema wazi kwamba kodi kwenye kitabu cha mtoto inaniudhi, na kila nikilipa huniudhi upya.

Haya, bidhaa yenyewe. Hii ni ya jalada gumu, karibu kurasa 400. Ina jalada la nje la karatasi linalovuliwa. Ukiwa na watoto, livue siku ya kwanza, liweke kabatini, kwa sababu ndilo litakalochanika kabla ya kitu kingine chochote. Sasa tazameni mgongo wake, nasogeza karibu na kamera. Nikikifungua katikati na kukilaza mezani, kinalala bila kujifunga, na mgongo haulii. Kwa usomaji wa nyumbani hilo ndilo jambo kubwa. Anayesoma kwa sauti huku mtoto mwingine amemwegemea begani hana mikono miwili ya kukishikilia kitabu. Karatasi ina rangi ya maziwa, haiumizi macho chini ya taa. Herufi si kubwa. Mama yangu mzazi ana miaka sabini na mbili na ameshindwa kuzisoma hata kwa miwani. Hilo nalihesabu kama kasoro. Uzito nao si mdogo, mtoto hawezi kukibeba kwenye begi la shule lililokwisha kujaa.

Sasa hiki kingine. Hiki si changu. Ni cha jirani, amekinunua jana mjini barabarani kwa shilingi 600, na ameniruhusu niwaonyeshe. Jalada ni lilelile, sivyo? Sasa viwekeni pamoja. Herufi za jalada zimevimba pembeni, kama picha iliyopigwa mkono ukitetemeka. Karatasi ni nyeupe pe, ile ya fotokopi. Angalieni pambizo: ukurasa huu maneno yamekaribia ukingo, huu yamehamia katikati. Mistari ya mwisho ya kurasa kadhaa imekatwa. Na mgongo, sikilizeni... mmesikia? Gundi hiyo inapasuka. Kufikia sura ya tano kurasa zitakuwa zinadondoka moja moja, na hapo huna wa kumrudishia.

Naomba tuelewane. Simlaumu jirani yangu. Ana watoto watatu na shilingi 2,950 ni karo ya kitu fulani. Wala sitaki mtu aseme vibaya wauza vitabu wa barabarani wote. Inama Bookshop, kama tunavyoziita, ndiyo iliyonisomesha mimi. Unainama, unachambua vitabu vilivyotandazwa chini, unaokota cha shilingi mia ambacho kimesomwa na watu wanne kabla yako, na bado ni kitabu halisi. Hicho ni cha mtumba na ni halali yake. Hiki cha jirani ni kingine kabisa, hiki ni cha wizi. Kitabu kilichotoka Jumanne hakiwezi kuwa mtumba Jumamosi kwa shilingi 600, fikirieni tu. Na ukishazoea kununua hivi kwa mwandishi wa Marekani, utanunua hivihivi kwa mwandishi wa hapa Kenya, na yule wa hapa hana mamilioni ya nakala za kumfidia. Vitabu vya Collins vimeuzwa mamilioni ya nakala. Nakala elfu moja za fotokopi kwake ni tone. Kwa mwandishi wetu ndiyo mauzo yake ya mwaka.

PDF je? Ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa la binti yangu kabla ya saa sita mchana siku ileile. Aliifuta. Nilijua kwa sababu alikuja kuniambia mwenyewe, nikiwa bado na viatu mguuni.

Kindle, yaani kitabu cha kielektroniki cha kusomea hata kwenye simu, ni njia ya tatu, na kusema kweli ndiyo iliyowahi kuliko zote. Nilikinunua mapema kwa simu yangu, kwa bei pungufu ya kile cha karatasi kwa shilingi elfu moja hivi. Tulikuwa tumeamka kula daku kama kawaida, watoto wakachungulia simu, hakuna kitu. Wakaswali alfajiri, wakachungulia tena. Saa moja asubuhi, wanavaa viatu vya shule, kikaingia. Huko New York ndiyo saa sita ya usiku inagonga. Binti alisoma kurasa sita amesimama mlangoni na begi mgongoni. Unaongeza ukubwa wa herufi utakavyo, hata mama yangu ameweza. Lakini simu ni ya mtu mmoja. Mmoja akisoma, wengine wanasubiri au wanagombana, na betri ikiisha hadithi imeisha. Kwa mtu anayeishi peke yake, au aliye mbali na Nairobi ambako hakuna duka la kupigia simu, nunueni Kindle bila kusita. Kwa nyumba yenye wasomaji watatu na zaidi, jalada gumu. Hiki chetu kinasomwa na watu watano, kwa hiyo kila kichwa ni shilingi 590. Ni bei ya ile fotokopi.

Kuhusu hadithi sitafichua mengi. Haymitch, yule mlevi mwenye uchungu tuliyemjua kwenye vitabu vya mwanzo, hapa ana miaka kumi na sita, na siku ya kuchaguliwa watoto wa kupelekwa uwanjani kuuana hadi abaki mmoja ndiyo siku yake ya kuzaliwa. Ni Michezo ya 50, na mwaka huo kila wilaya inatoa watoto wanne badala ya wawili. Arubaini na wanane. Ukisoma vile vya mwanzo unajua ni nani atakayebaki hai, na hapo ndipo ufundi wa mwandishi unapoonekana. Moyo unakuenda mbio ingawa jibu unalo. Collins amesema alimtumia mwanafalsafa David Hume, lile swali lake la jinsi wachache wanavyowatawala wengi kwa urahisi. Ndani yake kuna pia swali la nani anashika kamera na nani anaamua tuonyeshwe nini. Binti yangu aliuliza maswali hapo ambayo nilihitaji muda kuyajibu, na nikaupata.

Kwa mzazi: kuna mauaji ya watoto, na hayakufunikwa. Chini ya miaka kumi na miwili mimi sitampa. Yule wangu wa Gredi ya Nane ana kumi na tatu, na kuna ukurasa mmoja ambao tulifunga kitabu, tukanywa maji, tukakaa kidogo, ndipo tukaendelea.

Nilisita pia kukisoma Ramadhani. Hadithi ya njaa, katika mwezi wa kufunga? Mama yangu ndiye aliyenitoa hofu. Alisema njaa yetu sisi tumeinuia, na jioni adhana ikilia tunakula. Hawa wa kitabuni wamenyimwa. Basi wacha watoto wajue tofauti.

Ndivyo tunavyokisoma. Futari kwanza, viazi karai, kaimati, kisha tarawehe, kisha sebuleni. Binti anasoma kwa sauti sura mbili, wakati mwingine tatu. Yeye na mimi tulishakimaliza kwenye Kindle, lakini usiku yeye hasemi kitu, anasoma tu kama hajui kinachokuja. Bibi yao Kiingereza chake si kingi, kwa hiyo kila baada ya kurasa mbili tatu mdogo anamfasiria. Na hapo nimeona jambo sikulitarajia. Msichana anayependwa na Haymitch anaitwa Lenore Dove, na jina hilo limetoka kwenye shairi la Edgar Allan Poe, lile la kunguru, la mwaka 1845. Binti alilitafuta lote, akamsomea bibi yake. Mama amezaliwa Lamu, amelelewa kwenye tenzi. Maana hakuielewa yote, lakini akaanza kugonga paja kwa kidole. Akasema hilo lina vina vya kati, rudia ubeti wa kwanza. Likarudiwa. Akasema na hilo neno la mwisho linalorudi ni kibwagizo. Mdogo akauliza kibwagizo ni nini, na darasa la Kiswahili likaanza saa tano ya usiku. Zile shilingi 2,950 kwangu zilirudi usiku huo.

Kama huna hata ya Kindle, subiri. Kinazunguka hiki. Binamu zao wa Pangani wanakingoja tukimaliza, halafu yule jirani wangu, nimeshamwambia. Baada ya miezi michache vitaanza kuonekana vya mtumba, na hapo utainama na kukiokota kwa bei yako. Maktaba nazo mziulize. McMillan pale Banda Street imekuwepo tangu 1931, na mkienda kuomba kitabu mnachokitaka kiingizwe, pelekeni watoto waombe wenyewe kwa mdomo wao.

Tumefika sura ya kumi na moja, ziko 27. Mkiniandikia maoni, msitaje kinachotokea mbele, mama yangu husomewa maoni yote.

Adhana hiyo. Na huyo mdogo yuko mlangoni, ameshanyoosha mkono. Haya, chukua baba, kile kikaratasi usikidondoshe.